Mwongozo kamili: kuchapa picha na kuchonga sabuni na wanafunzi kwa njia za wasanii wa Inuit

Mwaka wa kwanza nilipofundisha somo hili nilikosea vibaya. Nina darasa la Jumamosi hapa Winnipeg, Kanada, watoto wa familia zinazoongea Kiswahili, wengi wazazi wao wametoka Kongo, wengine Kenya na Tanzania, umri miaka 8 mpaka 15 hivi. Siku hiyo nikabandika ubaoni picha ya yule bundi maarufu wa Kenojuak Ashevak, msanii wa Inuit, nikawaambia haya, chora. Baada ya saa moja na nusu nikawa na mabundi 14, wote sura moja, wote wamechoka. Halafu binti mmoja akaniuliza, mwalimu, na huyu mama yeye alikuwa anaigiza picha ya nani? Nikabaki nimeduwaa.

Lile swali ndo lilibadilisha darasa. Siku hizi tunachukua njia yao ya kufanya kazi, picha hatuchukui, picha kila mtoto anakuja nayo kichwani kwake. Kila kitu nitakachoandika hapa chini kinasimama juu ya hilo, kwa hiyo kama ulikuja kutafuta fomu ya igloo, ile nyumba ya theluji, ya kukata na kubandika, samahani, sinayo.

Inahitaji vipindi vinne vya saa moja na nusu: cha kwanza kuangalia na kuchora, cha pili kutengeneza kibao cha kuchapia, cha tatu kuchapa, cha nne kuchonga. Usijaribu kubana kuchora na kuchapa siku moja, nimejaribu, tuliishia kuosha rola gizani.

Mambo ya kuwaambia kabla hujatoa mkasi

Inuit ni wenyeji wa asili wa Aktiki, kule kaskazini kabisa. Neno lenyewe ni la wingi, mmoja ni Inuk, na lugha yao kwa sehemu kubwa ya Aktiki ya Kanada ni Inuktitut. Lile neno Eskimo tulilosomeshwa kwenye Jiografia huku halitakiwi tena, waambie watoto mapema wasije wakalisema mbele za watu. Nunavut, ambako kazi tunazozungumzia zimetoka, ni eneo lililoanzishwa rasmi tarehe 1 Aprili 1999, makao makuu Iqaluit. Miti haioti huko, kaskazini kule. Hili wakazie, kwa sababu ndo linaeleza karibu kila kitu: mbao ni zile za kuokota tu zilizoletwa na bahari, ila mawe yapo, mifupa ipo, pembe za walarasi zipo na ngozi za sili zipo, hao wote wawili wanyama wa baharini.

Sasa hapa kuna kitu watu wengi hawakijui. Kuchonga, kushona ngozi, kuchora mapambo kwenye pembe, hivyo ni vya tangu enzi na enzi. Lakini kuchapa picha kwenye karatasi kumeanza 1957 tu, kwenye kijiji cha Kinngait, ambacho mpaka 2020 ramani zilikuwa zinakiita Cape Dorset, kiko kisiwa kidogo pembeni ya kile kisiwa kikubwa cha Baffin. James Houston, msanii Mkanada aliyekuwa anaishi pale, alisimulia kwamba mchongaji Osuitok Ipeelee alikuwa anaangalia pakiti mbili za sigara zenye kichwa cha baharia, akasema huyo mtu anayekaa kupaka picha ileile pakiti baada ya pakiti lazima anachoka sana. Houston akakosa maneno ya kumweleza, akachukua pembe ya walarasi ambayo Osuitok alikuwa ameichonga, akaipaka wino, akalaza juu yake karatasi laini ya chooni, akasugua, akaibandua. Picha ikawa imehamia kwenye karatasi. Osuitok akaona, akasema hicho tunaweza.

Yaani karatasi ya chooni! Watoto hapo lazima wacheke, na ukishawachekesha umewapata. Mwaka 1958 Houston akaenda Japani kujifunza kwa fundi mkubwa wa kuchapa kwa mbao, Un'ichi Hiratsuka, akarudi na ujuzi na karatasi, na 1959 Kinngait wakatoa mkusanyo wao wa kwanza rasmi. Wajapani wanachonga mbao, Kinngait mbao hakuna, wakachonga jiwe. Stensili nazo, yaani bapa lenye tundu la kupitishia rangi, mwanzoni walikata kwenye ngozi ya sili, baadaye wakahamia kwenye karatasi iliyopakwa nta.

Na jambo ambalo mimi nalipenda kuliko yote: mara nyingi aliyechora siyo aliyechonga jiwe, na siyo aliyechapa. Mtu alikuwa anachora nyumbani kwake au kambini, anapeleka ushirika, ikichaguliwa fundi anaihamishia kwenye jiwe, anachonga, inachapwa nakala chache, mara nyingi 50, halafu uso wa jiwe unasagwa. Kwenye chapa utakuta jina la mchoraji na la fundi, yote mawili, pamoja na muhuri mdogo mwekundu wa igloo wa Kinngait.

Kipindi cha kwanza: kuangalia, kisha kuchora

Kama uko Winnipeg nenda Qaumajuq, jengo la sanaa ya Inuit lililofunguliwa 2021, ukiingia tu mlangoni kuna ghala la vioo limepanda juu likiwa na maelfu ya sanamu, watoto wangu pale hata simu walisahau. Kama uko mbali, tafuta picha nzuri mtandaoni, na usitafute "Inuit art" kwa jumla, tafuta kwa majina ya watu. Mimi natumia watatu.

Kenojuak Ashevak, 1927 mpaka 2013. Chapa yake ya kwanza, sungura anakula mwani, ilitokana na pambo alilokuwa ameshalitengeneza kwenye mfuko wa ngozi ya sili. Yule bundi ni wa 1960, na 1970 Kanada ikamweka kwenye stempu ya posta. Waonyeshe jinsi manyoya ya bundi yanavyochomoka kama miale ya jua, hakuna bundi wa hivyo duniani, lakini hakuna anayeuliza huyu ni ndege gani.

Pitseolak Ashoona, yeye alichora maelfu kwa maelfu ya picha za maisha ya zamani aliyoyaishi mwenyewe: mahema ya kiangazi, safari, mama na mtoto mgongoni ndani ya amauti, lile koti lenye mfuko mkubwa nyuma. Hapo mama zetu wa kubeba na kitenge wanaelewa bila tafsiri.

Halafu mjukuu wake, Annie Pootoogook, 1969 mpaka 2016, aliyechora jikoni, sebuleni, watu wamekaa wanaangalia tivii. Mwaka 2006 alishinda tuzo ya Sobey, moja ya tuzo kubwa za sanaa Kanada. Huyu ni wa lazima, usimruke. Bila Annie watoto wataondoka wakiamini Inuit wote wanaishi kwenye igloo na dubu mweupe mlangoni.

Kisha waulize: mnaona nini kinachorudiarudia? Kwenye zile chapa za mwanzo za Kinngait watakwambia wenyewe, ila ukikwama ni haya. Umbo moja kubwa linaloeleweka hata kwa kivuli chake tu. Nyuma hakuna kitu, karatasi nyeupe, hakuna mbingu wala nyasi. Rangi chache, mara nyingi mbili tatu. Mistari ndani ya mwili michache lakini ina kazi, manyoya, mbavu, jicho. Na hakuna kivuli cha kupakwa pakwa.

Ndo sasa karatasi zitoke. Swali la kuchora ni hili: mnyama au mtu gani unamjua wewe kwa macho yako, umemwona anavyokaa, anavyokimbia, anavyokula? Siyo wa katuni. Hapa kwetu wanatoka kindi kwa wingi, wale wa kwenye miti ya mtaani, mabata bukini wanaozuia magari barabarani, sungura wa nyuma ya jengo, paka wa jirani, bibi amekaa kwenye kiti chake anachambua mchicha. Kijana mmoja aliyefika Kanada mwaka mmoja tu alichora mbuzi wa kwa babu yake Uvira, ana mguu mmoja juu ya jiwe, na ile ndo ikawa chapa bora mwaka ule, sitanii.

Kuna mtoto atataka karibuu, yule kulungu wa huko kaskazini. Watacheka tu hapo, karibuu karibu, mwalimu mnyama anatukaribisha, waache wamalize. Kisha mwulize ameshamwona wapi. Kama hajamwona, arudi kwa kindi.

Wachore kwa penseli kwanza kwenye karatasi ya A5, umbo lijaze karatasi, libaki sentimita 2 tu kila upande. Ukubwa ni muhimu jamani, watoto wanapenda kuchora kitu kidogo katikati kama kimepotea. Wakimaliza, wapake umbo zima jeusi kwenye karatasi nyingine. Kama jirani yake anatambua ni nini bila kuambiwa, imepita. Kama anasema "kiazi?", rudia. Mara nyingi shida ni miguu imebanana na mwili, mwambie aitenganishe, nafasi nyeupe katikati ya miguu ndo inayochora.

Vitu ambavyo mimi nawaomba waviache: michoro ya usoni na mikononi ya wanawake wa Inuit, yaani tatuu, inaitwa kakiniit, ina maana yake kwa wenyewe na siyo urembo wa kuazima. Herufi zao nazo, zile za maumbo ya pembetatu na ndoano, usizitumie kama pambo, mtoto asaini jina lake kwa herufi anazojua. Na inuksuk, lile rundo la mawe lililo kwenye bendera ya Nunavut. Wengi wanadhani ni sanamu ya mtu. Ni alama, inakwambia njia iko huku, hapa pa kuwindia karibuu, hapa kuna nyama imehifadhiwa, na lile lenye umbo la mtu kabisa lina jina lake lingine, inunnguaq. Wasimulie, ni habari tamu, lakini usiigeuze kazi ya kubandika kokoto.

Kipindi cha pili: kutengeneza kibao

Jiwe hatuna, na hata tungekuwa nalo sitampa mtoto wa miaka 9 patasi. Nina njia mbili.

Wadogo wanatumia foamu. Vile visahani vyeupe vya nyama vya supamaketi, au mfuniko wa boksi la chipsi la take away, osha kwa sabuni ya vyombo ili mafuta yaishe, kata kingo zilizojikunja ubaki na bapa. Laza mchoro juu, ushike kwa solotepu, pitisha peni juu ya mistari yote kwa kukandamiza, ondoa karatasi, pitisha tena peni moja kwa moja kwenye foamu mpaka uone mfereji. Kisha, na hapa wengi wanasahau, kata umbo lenyewe kwa mkasi, utupe foamu ya pembeni. Ukiacha mstatili mzima utapata chapa yenye nyuma nyeusi, na ile nafasi nyeupe tuliyohangaika nayo kipindi cha kwanza imekufa.

Kuanzia miaka 11 wanatumia kadibodi au kandambili. Kandambili kuukuu, zile za yeboyebo, ni foamu ngumu inayokatika vizuri sana na inatoa chapa kali, kama uko Dar au Bujumbura huna haja ya kununua chochote. Mwalimu anakata soli kwa kisu chenye wembe mpya, wanafunzi wanamalizia kwa mkasi. Upande wenye mistari ya kukanyagia uweke chini, vipande vidogo vya jicho au mabawa viondoe kwanza, siyo baadaye, kisha bandika umbo kwenye kadibodi ngumu. Gundi ya mbao inatosha, weka vitabu juu usiku mzima. Ukitumia kadibodi badala ya kandambili, ipake gundi nyembamba juu yote ikauke, la sivyo itakunywa wino na chapa ya tatu itakuwa imechoka.

Kumbuka picha itatoka imegeuka kama kwenye kioo. Kindi anayeangalia kushoto ataangalia kulia. Haina shida mpaka mtoto aandike jina lake kwenye kibao, na ataandika, hata kama umemwambia mara tano.

Kuhusu kugawana kazi kama Kinngait: wapange watatu watatu, mchoro wa huyu unachongwa na yule na unachapwa na wa tatu, kisha wanazunguka. Hii ina kelele. Kuna mtoto atalia kwamba umemkata mkia wa paka wangu. Mimi naifanya kwa miaka 11 kwenda juu tu, wadogo wanachonga cha kwao. Lakini wakubwa wakishazoea wanaanza kuongea kama mafundi, huyu anauliza hapa ulitaka mstari mnene au mwembamba, na mchoraji analazimika kujua anataka nini.

Kipindi cha tatu: kuchapa

Meza zote gazeti. Wino bora ni ule wa maji wa kuchapia, tyubu moja nyeusi ya mililita 75 hivi kwa watoto 12 inaelekea kutosha, nunua mbili. Ukikosa, chukua rangi nzito ya akriliki changanya na matone machache ya gliserini, ileile ya kupaka midomo, inachelewesha kukauka. Rangi ya poster ya majimaji usijisumbue nayo, inaingia kwenye mifereji yote na unabaki na doa.

Kamua wino kiasi cha punje kubwa ya harage kwenye kipande cha kioo chenye kingo salama au bamba la plastiki. Pitisha rola kwenda mbele na kurudi, inua, geuza, tena. Usisikilize watoto, sikiliza rola. Wino ukiwa mwingi unakaa kimya na unateleza. Ukiwa sawa unatoa sauti ya chrrr kama vitunguu vimeanza kuiva kwenye mafuta. Nimewafundisha hivyo na sasa wananiita wenyewe, mwalimu njoo usikie, vitunguu! Rola ikikosekana, sponji ngumu iliyokatwa kipande unagonga gonga, chapa itakuwa na vitone vitone, siyo mbaya kwa manyoya ya ndege.

Paka kibao kwa tabaka mbili nyembamba, siyo moja nene. Kisha mikono isafishwe, na hapa gawa watu: mwenye wino hashiki karatasi, mwenye karatasi hashiki wino. Karatasi iwe nyembamba. Kinngait walichukua karatasi ya Kijapani, nyembamba lakini ina nyuzi ngumu, ukiweza kupata chache weka za nakala za mwisho, za majaribio tumia karatasi ya fotokopi. Ile nene ya rangi za maji iache, kijiko hakitafika ng'ambo ya pili.

Ili picha ikae katikati, bandika mezani vipande viwili vya kadibodi vyenye pembe ya L. Kibao kinakaa kwenye pembe, karatasi inapangwa kwa kingo zake, kila nakala inatua palepale. Laza karatasi taratibu kuanzia upande mmoja, ikishagusa usiisogeze hata kidogo, sugua na mgongo wa kijiko cha chakula kwa mizunguko midogo, anza katikati nenda nje, kingo zisugue mara mbili. Shika upande mmoja kwa kiganja, inua kona ya pili uchungulie, kama pana weupe rudisha kona chini, sugua hapohapo. Ndo raha ya kusugua kwa mkono, mashine haikuruhusu kuchungulia.

Kisha bandua. Kile kimya cha sekunde moja kabla hawajapiga kelele, mimi nafundishia hicho.

Chapa ya kwanza huwa hafifu, ya pili na ya tatu ndo nzuri. Ikiwa mistari ya ndani imezibwa, wino ni mwingi, chapa mara mbili kwenye gazeti bila kuongeza wino kisha rudi. Ikiwa ina madoa meupe, wino mchache au hukusugua. Ikiwa ina kivuli pembeni, karatasi ilisogea, na mtoto atakwambia haikusogea.

Rangi ya pili wanafanya kwa stensili, siku hiyohiyo kama wino umeshika au wiki inayofuata kama una subira. Chukua chapa moja iliyoharibika, kata tundu pale unapotaka rangi, tuseme kifua cha ndege, hamishia tundu hilo kwenye karatasi ngumu iliyosuguliwa mshumaa pande zote mbili ili isilowane, hiyo ndo ngozi yetu ya sili. Ilaze juu ya chapa, chukua rangi kidogo mno kwenye sponji, ipunguze kwenye gazeti mpaka iwe kama imekauka, kisha gonga kwa wima. Ukipaka kwa kuvuta, rangi itapita chini ya stensili. Gonga zaidi ukingoni na kidogo katikati, inatoka laini kama inafifia yenyewe, angalia chapa za zamani za Kinngait utaiona hiyo hiyo. Rangi moja inatosha. Mbili sawa. Ya tatu mimi nakataa.

Nakala kumi kwa kila mtoto, basi. Zikikauka, chini kushoto kwa penseli andika 1/10, 2/10, katikati jina la picha, kulia jina la aliyechora na aliyechapa. Zile zenye kasoro zisipewe namba. Muhuri: kata nusu ya raba ya kufutia, chonga alama ndogo ya darasa lenu au ya kikundi, gonga kwa rangi nyekundu. Sisi yetu ni kijiko. Wale igloo, sisi kijiko, usichukue igloo ya watu.

Na kama mtaonyesha au kuuza kwenye bazaa ya shule, kibandiko kiseme wazi: kazi ya fulani, miaka 12, imefanywa kwa mbinu tulizojifunza kutoka kwa wachapaji wa Kinngait, Nunavut. Isiandikwe "sanaa ya Inuit". Sanaa ya Inuit inafanywa na Inuit na ndo chakula chao, vitu bandia vimewasumbua muda mrefu mpaka tangu 1958 kuna kile kitambulisho cha Igloo Tag kinachowekwa kwenye kazi halisi.

Kipindi cha nne: kuchonga

Sanamu nyingi za Inuit ni za mawe, sepentini ya kijani na nyeusi, au jiwe laini la sabuni, ndugu yake lile la Kisii ambalo Wakenya mmekua nalo mezani. Wachongaji wengi leo wanatumia grinda za umeme, wanakaa nje hata kwenye baridi kali kwa sababu vumbi la jiwe ni hatari kwa mapafu, kisha wanamalizia kwa tupa na msasa wa maji. Darasani tunatumia sabuni. Mche mmoja wa sabuni ya kufulia ukikatwa vipande vitatu unatosha watoto watatu. Iliyotoka tu dukani inanata kwenye kisu, iliyokaa kabatini miezi inapukutika, iondoe kwenye karatasi yake siku moja kabla, inakuwa sawasawa.

Wachague umbo lililojikunja. Sili amelala, ndege amefunga mabawa, mtu amechuchumaa, yule bibi wa mchicha. Jiwe na sabuni vyote havipendi mguu mwembamba unaoning'inia, na ukiangalia sanamu za zamani utaona ndo maana nyingi zimefumbata mikono ndani ya mwili. Chora umbo upande wa mbele na wa ubavuni kwa msumari. Ondoa kona kwanza, kwa kisu cha mezani kisicho na makali au rula ya plastiki iliyovunjika, vipande vyembamba kama maganda ya embe, kisu kikielekea mbali na kidole. Geuza sanamu kila baada ya dakika moja, kabisa, wawekee hata saa, kwa sababu mtoto akiachwa atachonga uso tu na mgongo utabaki mche wa sabuni.

Kichwa kikikatika, na kitakatika, lowanisha pande zote mbili, bandika, acha usiku mmoja. Au kifanye mnyama mwingine. Tulikuwa na dubu aliyegeuka kobe kwa njia hiyo, na mwenyewe akadai alipanga tangu mwanzo.

Kulainisha: kidole chenye maji, polepole, kisha kipande cha soksi ya nailoni. Macho na manyoya yachorwe mwisho kwa kijiti cha kuchokolea meno. Usipake rangi, acha sabuni iwe sabuni. Iweke dirishani palipo na mwanga wa pembeni uone inavyobadilika.

Yale maganda ya sabuni usitupe, yakusanye kwenye ndoo moja na maji ya vuguvugu, loweka humo rola na kioo vya darasa linalofuata. Rola iwekwe imening'inia, isilale juu ya meza, ikilala inapata ubapa na haitaimba tena vitunguu.